Shajara ya mradi: kutangaza vituo ndani ya basi, njia ya Ville–Katuba, Lubumbashi

Hali ilivyo mwisho wa wiki ya 11

Coaster ya dizeli inayofanya Ville (katikati ya mji)–Kamalondo–Kenya–Katuba inatangaza vituo 14 kwenda na 14 kurudi, kwa sauti, na bango la mbele linawaka. Skrini ya ndani bado. Basi dogo la HiAce halijatoka mezani. Sababu ziko mwishoni. Gari linatuma mahali lilipo kila sekunde 10, ila anayeangalia kwa sasa ni mwenye gari peke yake.

Vilivyomo: Raspberry Pi 3 B+ moja (kompyuta ndogo), kipokezi cha GPS cha NEO-M8N chenye antena ya nje, ampli (kikuza sauti) ya TPA3116D2, spika nne za ohm 8, paneli tatu nyekundu za LED aina ya P10, modemu ya SIM800L, konverta nne za volti na kisanduku cha dereva chenye vitufe vitatu (kwenda, kurudi, nyamaza). Fundi yeyote wa redio hapa mjini akivitazama atavitambua karibu vyote.

Wiki ya 1 na 2: majina kwanza, waya baadaye

Hakuna fyuzi iliyonunuliwa wiki hizi. Vituo vya njia hii havina vibao: kituo ni pale konda, receveur kama tunavyomwita hapa, anapoita na watu wanaposhuka. Simu inayorekodi GPS, daftari, safari kumi. Tano za asubuhi na tano za jioni. Kila gari liliposimama kushusha mtu, tuliandika jina alilolitamka konda. Jina la barabara lililo kwenye ramani hatukuliandika, maana hakuna abiria anayelitumia.

Zilitoka alama 31. Kumi na saba tulizifuta: gari lilisimama pale kwa ajili ya polisi, au mama mwenye magunia ya makala (mkaa), au foleni. Kipimo tulichoweka ni kwamba mahali panakuwa kituo pakionekana katika safari sita kati ya kumi. Zikabaki 14.

Kazi ngumu ilikuwa majina yenyewe. Kituo kimoja kinaitwa kwa duka la dawa lililofungwa zamani. Duka halipo, jina lipo, na ndilo tuliloweka. Kingine makonda wa asubuhi wanakiita hivi na wa jioni vile, tukachukua lile ambalo abiria walilirudia wao wenyewe waliposema wanashukia wapi. "Stade" peke yake tulilikataa. Mji una uwanja wa TP Mazembe, uliofunguliwa 2011 kule Kamalondo, na una ule wa zamani wa Kibassa Maliba. Mgeni akisikia "Stade" hajui ni upi, kwa hiyo orodha inasema "Stade Mazembe". Na "Kenya" imebaki Kenya: ni komine yetu, yaani sehemu ya mji huu, hata kama ramani za simu zikiulizwa zinakupeleka Nairobi.

Orodha tumeiweka katika muundo wa GTFS, muundo wa faili za njia na vituo vya mabasi, ule uliozaliwa Portland, Marekani, mwaka 2005. Kila kituo ni mstari mmoja katika faili ya stops.txt: namba, jina, latitudo, longitudo. Njia zetu hazina ratiba, gari linaondoka likijaa, na GTFS inalijua hilo. Kuna faili ya frequencies.txt ambamo unaandika tu kwamba kuanzia saa fulani hadi saa fulani gari linapita kila baada ya dakika kadhaa, na safu ya exact_times unaiweka 0. Mradi wa Digital Matatus wa Nairobi uliandika njia zaidi ya 130 za matatu kwa muundo huu, kwa hiyo mwenye shaka kwamba muundo wa mabasi yenye ratiba hautufai ana mfano wa kutazama. Kwa sababu hiyo hiyo bango letu halitasema "dakika 5". Dakika hizo hakuna anayezijua, hata shofa.

Wiki ya 3: umeme

Wiki hii ndiyo iliyokula muda kuliko zote, na gari lolote litakalofuata litaanzia hapa.

Coaster ina betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Injini ikiwa imezimwa tulipima 24.9, injini ikinguruma 28.3, wakati stata inazungusha, mshale ulianguka hadi 17. Tulikuta redio ya gari imefungwa kwenye betri moja tu, waya umechukuliwa katikati ya zile mbili ili kupata volti 12. Ni mtindo wa mafundi wengi wa barabarani na unaua betri. Ile ya chini inalisha redio na injini vyote viwili, ya juu inalisha injini tu. Altaneta haioni tofauti: inachaji zote kwa mkondo mmoja, ya chini haijai kamwe na ya juu inachemka maji. Ukiona betri moja inaisha maji kila wiki na mwenzake haishi, fuata waya wa redio. Tuliiondoa na kuipa redio konverta ya 24 kwenda 12.

Waya wetu mkuu unatoka kwenye ncha ya juu kabisa ya betri, milimita za mraba 2.5, na fyuzi ya ampea 7.5 iko ndani ya sentimita 20 kutoka betri. Umbali huo una maana. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi. Kikisuguliwa na chuma cha chesisi, kinachobaki kukizuia ni moto wenyewe. Hesabu ya mzigo: paneli zikiwaka zote wati 67 pamoja na hasara ya konverta, kompyuta na modemu wati 10, ampli wati 20 pale sauti inapopanda. Jumla wati 97, kwa volti 24 ni ampea 4.

Baada ya fyuzi kuna daiodi ya TVS, 5KP33A. Kazi yake ni kumeza pigo la altaneta: waya wa betri ukilegea wakati altaneta inachaji, na kwenye barabara za Katuba unalegea, volti hupanda ghafla. Kiwango cha ISO 16750-2 kwa magari ya volti 24 kinapima pigo la hadi volti 202 pale altaneta isipokuwa na kinga yake. Hapa kuna mtego. Daiodi hii ya "33" haikati kwenye 33; ikipigwa kwa nguvu inakata karibu na 53. Konverta iliyoandikwa "9–36V" inakufa nyuma ya daiodi iliyo nzima kabisa. Zetu zinavumilia hadi 60.

Kuzima ni nusu ya kazi. Mara mbili wiki hii kadi ya SD iliharibika kwa sababu shofa alizungusha funguo na Raspberry Pi ikakatika ikiwa inaandika. Mpangilio wa sasa: umeme wa kontakti (ufunguo wa gari) haulishi kitu, unatoa habari tu. Unapita kwenye rezista ya ohm 4,700 na optokapla ya PC817 (inapitisha habari kwa mwanga, si kwa waya), kisha unaingia kwenye pini ya kompyuta. Usiunganishe moja kwa moja, pini hizo zinakubali volti 3.3 tu. Kontakti ikikatika, programu inasubiri sekunde 60 ili kuona kama shofa anawasha tena, inafunga mafaili, na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inaachia umeme baada ya sekunde 90. Juu ya hapo mfumo wa mafaili umewekwa wa kusomwa tu. Kumbukumbu za safari zinaenda kwenye sehemu yake ya pembeni. Tangu hapo hakuna kadi iliyokufa.

Kuhusu rilei, wapo waliouliza kwa nini tusiiache kompyuta ikae usiku kucha. Wati 10 kwenye volti 24 ni takriban ampea 0.4. Kutoka Jumamosi jioni hadi Jumatatu alfajiri ni saa 34, yaani ampea-saa 14 zimeondoka. Betri mpya ingevumilia. Betri za gari hili si mpya, na shofa akikuta gari haliwaki Jumatatu, sanduku letu ndilo litakalong'olewa kwanza.

Onyo la mwisho la wiki: alama ya radi kwenye skrini ya Raspberry Pi inamaanisha imeona chini ya volti 4.63. Kwetu konverta ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kamba ya USB nyembamba, ya kuchajia simu.

Wiki ya 4: basi liko Sudan

Jaribio la kwanza la GPS ramani ililiweka gari Sudan, kaskazini-magharibi mwa Muglad. Latitudo ya Lubumbashi ni 11 na kitu kusini. Programu ilisoma namba ikaiacha herufi S iliyokuja nyuma yake, tukaruka ikweta. Kusini lazima iwe hasi.

Tulipotia alama ya kutoa, gari lilirudi nyumbani lakini likakaa porini, kama kilomita 36 kaskazini-magharibi mwa mji. Hili wengi hawalitambui haraka kwa kuwa linakaribia ukweli. Kipokezi kinatoa mstari kama huu:

`$GPRMC,...,A,1139.85,S,02728.97,E,...`

1139.85 si nyuzi 11.3985. Ni nyuzi 11 na dakika 39.85. Dakika zinagawanywa kwa 60: 39.85 ÷ 60 = 0.6642, hivyo latitudo ni −11.6642. Longitudo vivyo hivyo: 27 na 28.97 ÷ 60 = 27.4828. Hapo ndipo alama ilipoangukia katikati ya mji.

Herufi A iliyo kabla ya latitudo inasema kipimo ni halali. Ikiwa V, usitumie namba zozote zinazofuata. Asubuhi, gari likiwa bado chini ya mabati ya gereji, V inakaa dakika kadhaa. Antena tuliitoa juu ya paa: chini ya dashibodi ilikuwa inaona satelaiti nne au tano, juu ya paa kumi na zaidi. Sumaku yake haitoshi kwa mashimo yetu, kwa hiyo tumeongeza kamba mbili za plastiki kwenye reli ya mizigo. Mwambieni konda pia, maana magodoro yanapandishwa juu pale pale.

Wiki ya 5: lini kusema, lini kunyamaza

Kila kituo kina matangazo mawili. La kwanza linatoka gari likishaacha kituo kilichopita kwa mita 60. La pili linatoka mita 200 kabla ya kituo. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mita 200 ni sekunde 24; inatosha kwa aliyebanwa kiti cha nyuma kufungasha mfuko na kumwita konda. Tulijaribu mita 100 na watu walikuwa bado wanasukumana gari likiondoka. Pale vituo vinapokaribiana chini ya mita 350, tangazo la kwanza linaachwa, vinginevyo sauti haikatiki.

Programu inafuata mfululizo: kutoka kituo cha 6 inatarajia 7, inakubali kuruka hadi 9, haikubali kurudi 5. Bila hivyo gari linalosimama kwenye foleni, huku GPS ikicheza mita 10 huku na kule, linatangaza kituo kile kile mara tatu. Upande wa safari unatoka kwenye kitufe cha shofa. Akisahau, gari likikaa dakika mbili ndani ya mita 80 za mwisho wa njia, linageuza lenyewe. Wanasahau karibu kila siku, kwa hiyo kipengele hiki si cha hiari.

Kosa lililotusumbua siku tatu: kwenye foleni ya jioni hakuna tangazo la kwanza lililotoka, asubuhi yote yalitoka. Tulikuwa tumeweka sharti kwamba mwendo uzidi 10, tukidhani ni kilomita kwa saa. GPRMC inatoa mwendo kwa noti, kipimo cha meli, na noti moja ni kilomita 1.852 kwa saa. Sharti letu likawa kilomita 18.5, na jioni kutoka Ville hakuna gari linalofika huko. Zidisha kwanza, linganisha baadaye.

Siku ya mechi barabara zinafungwa na mabasi yanapita vichochoroni. Gari likiwa zaidi ya mita 150 nje ya mstari wa njia kwa sekunde 30, mfumo unanyamaza hadi litakaporudi. Likinyamaza, konda anaendelea kuita kama zamani. Likitaja kituo ambacho gari halikupita, mtu asiyeona anashuka pasipo pake.

Wiki ya 6 na 7: sauti

Tulianza na sauti ya mashine, espeak-ng, kwa kuwa ina Kiswahili na haigharimu kitu. Majina ya Kiswahili iliyasoma vizuri. "Bel-Air", tuliloliweka kwa majaribio ya njia nyingine, ililisoma herufi kwa herufi, "bel-a-iri", na kila aliyekuwa gereji alicheka. Majina ya mji huu yamechanganya Kifaransa na lugha zetu hata ndani ya njia moja, kwa hiyo tumerekodi mtu. Chumba chenye blanketi mbili ukutani, maikrofoni sentimita 20 kutoka mdomoni, faili za WAV za mono, kila jina peke yake na kila kiungo (maneno yanayotangulia au kufuata jina) peke yake.

Maneno gani? Rasimu ya kwanza ilisema "Kituo kinachofuata ni Kenya". Sahihi kabisa, na hakuna mtu katika basi anayesema hivyo. Mlushois, mtu wa Lubumbashi, anasema "tunafika ku Kenya", na ndivyo gari linavyosema sasa kwenye tangazo la pili. Walimu wawili walinung'unika juu ya "ku". Tangazo la kwanza, ambalo mtu analisikiliza kwa utulivu zaidi, tumeliacha fupi: jina tu, kisha "prochain arrêt" (kituo kinachofuata) na jina tena. Jina linakuja mara mbili kwa makusudi. La kwanza linaliwa na kelele za dizeli au na mtu anayesalimia.

Kabla ya neno lolote kuna mlio wa sekunde 0.4. Unaamsha masikio na unaamsha ampli pia, kwani ampli ikitoka kwenye ukimya hukata silabi ya kwanza. "Kamalondo" ilikuwa inatoka "malondo".

Sasa makosa ya umeme ya sauti, matatu, kwa mpangilio tuliokutana nayo.

Ampli ya kwanza ilikufa siku ile ile. Muuzaji aliandika "24V", na TPA3116D2 kweli inafanya kazi kuanzia 4.5 hadi 26. Gari la volti 24 likinguruma linatoa 28.3. Ampli ya pili inakula volti 12 kutoka kwenye konverta na sauti inatosha kabisa.

Kisha mluzi unaopanda na kushuka pamoja na injini. Huo ni altaneta ikiingia kupitia njia mbili za ardhi (waya za hasi): ampli ilikuwa imefungwa hasi kwenye chuma cha gari karibu nayo, na kompyuta hasi yake ilitoka kwenye betri. Tofauti ndogo ya volti kati ya sehemu hizo mbili ndiyo unayoisikia. Tukarudisha hasi zote kwenye nukta moja ndani ya sanduku, na mluzi ukabaki kidogo. Transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, ya ohm 600 kwa 600, ikaumaliza.

Mwishowe ule mdundo wa "tit-tirit" unaojulikana na kila aliyewahi kuweka simu karibu na redio. SIM800L ni modemu ya 2G. Inarusha mawimbi kwa vipande mara 217 kwa sekunde, na waya wa sauti unavipokea. Inavuta pia hadi ampea 2 kwa kila kipande, hivyo volti zake, zinazotakiwa kukaa kati ya 3.4 na 4.4, zinatikisika na modemu inajizima. Kapasita ya mikrofaradi 1,000 imechomelewa kwenye miguu ya modemu kabisa (waya wa sentimita 15 unaifanya isifae), antena yake imehamia upande wa pili wa gari, na programu haitumi data wakati tangazo linatoka. La mwisho hili halikuhitaji risasi ya kulehemu wala bisibisi na lilisaidia kuliko yote.

Spika nne: mbili zimefuatana, mbili zimefuatana, kisha jozi mbili sambamba. Ampli inaona ohm 8. Besi zote chini ya 200 Hz zimekatwa kwenye faili. Spika ndogo hazizitoi, zinachafua tu. Tumeinua kidogo kati ya 2,000 na 4,000 Hz, mahali konsonanti zinapokaa.

Jambo moja la hapa kwetu. Gari hili lina usukani wa kulia, kama mengi yanayoingia Katanga kupitia Zambia, na mlango wake uko kushoto, wakati nchi inaendesha upande wa kulia wa barabara. Abiria anashuka kwenye lami, magari yakimpita. Tangazo la pili linamalizia "angalia magari". Hatukuliweka kwa mapambo. Lisiondolewe hata sauti ikionekana ndefu.

Wiki ya 8: bango la mbele

Paneli moja ya P10 ni milimita 320 kwa 160, vitone 32 kwa 16. Tatu zikipangwa zinatoa vitone 96. Herufi ya upana wa 7 na nafasi ya 1 ni vitone 8, kwa hiyo zinaingia herufi 12 kamili. VILLE-KATUBA ni 12. Bahati tu. VILLE-KAMPEMBA ni 14 na inadai vitone 112. Njia hiyo itahitaji herufi nyembamba za vitone 6 pamoja na nafasi.

Maandishi hayatembei. Anayengoja pembeni mwa barabara ana sekunde tano hivi za kusoma gari linalokuja, na maandishi yanayotembea yanaweza kumwonyesha "TUBA-VIL" muda wote huo.

Konverta ya paneli iko mbele, nyuma ya bango. Mara ya kwanza tuliiweka kwenye sanduku chini ya kiti, na volti 5 zikasafiri mita 3 kwenye waya wa milimita za mraba 1.5. Kwenda na kurudi ni mita 6: 0.0175 × 6 ÷ 1.5 = ohm 0.07. Paneli tatu zikiwaka zote zinavuta ampea 12, na 12 × 0.07 ni volti 0.84 zilizopotelea njiani. Bango lilipata 4.16, likafifia, na kila maandishi yalipobadilika vitone vya pembeni vilizima. Ukisafirisha 24 kwenye waya ule ule, mkondo ni ampea 2.8 na unapoteza volti 0.2.

Vitone vya uongo, vile vinavyometameta penye giza, vina sababu nyingine. Chipu za kupokea kwenye paneli ni 74HC245, na zikilishwa volti 5 zinataka angalau 3.5 kuhesabu "ndiyo". Raspberry Pi inatoa 3.3. Mezani ilifanya kazi. Juani ilianza kuchezacheza. Weka 74HCT245 katikati. Ni HCT, ile ya HC peke yake ni tatizo lile lile.

Usiku mwangaza unashushwa hadi asilimia 30 kwa kufuata saa, bila kihisi. Kihisi kilidanganywa na taa za magari.

Wiki ya 9

Vumbi jekundu la kiangazi limeingia kila mahali. Kebo bapa za pini 16 za paneli zilichomoka mara mbili kwa mtikisiko, tukazigandisha kwa silikoni. Nunua ile isiyonuka siki. Inayonuka siki inatoa asidi inapokauka na kula shaba ya waya na ya bodi, na katika mji uliojengwa na shaba hilo lingekuwa aibu. Skrubu zote zina washa za springi sasa.

Wiki ya 10: saa, na data

Bango lilipunguza mwangaza saa moja baada ya muda wake. GPS inatoa saa ya UTC, saa ya dunia; aliyeweka mfumo alichagua Africa/Kinshasa, ambayo ni UTC+1. Sisi, pamoja na Goma na Bukavu, tuko UTC+2: chagua Africa/Lubumbashi. Raspberry Pi 3 haina saa yenye betri, kwa hiyo kabla GPS haijapata satelaiti inadhani ni saa ile ile iliyozimwa jana. Kumbukumbu za safari haziandikwi mpaka herufi A ionekane.

Data: ujumbe wa baiti 200 kila sekunde 10, saa 14 kwa siku, ni ujumbe 5,040, yaani takriban megabaiti 1. Hiyo ni kwa muunganisho unaobaki wazi. Tulipokuwa tunafungua muunganisho mpya wenye usimbaji kila mara, kupeana funguo kulikula mara nyingi zaidi ya ujumbe wenyewe. Mtandao ukikatika, ujumbe unawekwa kwenye foleni ya dakika 5 tu. Mahali gari lilipokuwa saa nzima iliyopita hapana faida kwa anayengoja.

Wiki ya 11: HiAce

Volti 12, mkondo mara mbili: ampea 8, fyuzi ya 15, waya wa milimita za mraba 4. Hilo ni jepesi. Shida ni stata. Betri ikiwa chovu, volti zinaanguka hadi 7 kwa karibu sekunde moja, konverta inayoanzia 9 inazimika, kompyuta inaanza upya na inachukua zaidi ya nusu dakika. Shofa wa HiAce anazima injini kila kituo kirefu ili kuokoa mafuta, kwa hiyo hili linatokea mara kumi kwa safari.

Njia mbili ziko mezani. Ya kwanza ni konverta inayopandisha na kushusha, inayoanzia volti 6, tumeagiza. Ya pili ni akiba ya kapasita kubwa. Wati 10 kwa sekunde moja, na hasara ya konverta, ni juli 11. Kutoka volti 11.5 kushuka hadi 9 zinahitajika faradi 0.43. Kapasita sita za faradi 3 na volti 2.7 zikifuatana zinatoa faradi 0.5 na kuvumilia volti 16.2, altaneta inatoa 14.4, hivyo zinatosha. Kila moja inahitaji rezista ya kusawazisha, la sivyo moja inabeba volti za wenzake na kuvimba. Zichajiwe kupitia rezista ya ohm 10, na daiodi sambamba ya kutolea. Bila rezista zinavuta mkondo mkubwa gari likiwashwa na fyuzi inakatika kabla hata ya kuondoka gereji. Daiodi nyingine inazizuia zisirudishe umeme kwenye stata.

Jaribio la kapasita ni Jumanne, na betri ya zamani kabisa tuliyoipata gereji.